Namna ya Kuhudhuria Kongamano la Dawa za Kulevya na Kurudi na Kitu Zaidi ya Begi

Barua ya mwaliko ikifika, isome kutoka chini kwenda juu. Juu kuna nembo, kaulimbiu na jina la mgeni rasmi. Chini, kwenye kiambatisho cha mwisho, kuna ratiba, na humo ndimo utakapomjua mwenyeji wako. Tafuta jina la mtu mmoja tu: anayekunywa methadoni sasa hivi kutibu uraibu wa heroini, au aliyewahi kuvuta unga huo akaacha, au mama ambaye mwanawe yuko maskani leo, kijiweni wanakovutia. Ukimkuta, angalia amepewa dakika ngapi. Kama profesa ana arobaini, mkurugenzi ana thelathini, na yeye ana tano za "ushuhuda" kabla ya chakula, wakati ukumbi mzima umeshaanza kunusa pilau, wajibu waandaaji siku hiyo hiyo. Waambie wapindue ratiba. Ukingoja mpaka ufike, utakuta imechapishwa kwa rangi nne na hakuna atakayekubali kuitupa.

Usiogope kuonekana msumbufu. Desturi ya kuwajadili watumiaji bila wao ni kongwe. Februari 1909 wajumbe wa nchi 13 walikutana Shanghai kuzungumzia kasumba, na mazungumzo yao yakazaa mkataba uliotiwa saini The Hague mwaka 1912. Mwaka 1946 Umoja wa Mataifa ukaunda Kamisheni ya Dawa za Kulevya, ambayo siku hizi hukutana Vienna kila Machi kuisimamia mikataba mitatu: wa 1961, wa 1971 na wa 1988. Miaka zaidi ya mia ya viti, vipaza sauti na wakalimani, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mtumiaji alijadiliwa akiwa hayupo. Tulijifunza vibaya kutoka kwa watu wenye mabegi mazuri.

Kabla ya kusafiri, pakia takwimu chache kuliko soksi. Wajumbe hupenda kubeba slaidi sitini na kuzisoma zote kwa mgongo, wakiitazama skrini. Wewe beba hizi. Ripoti ya Dawa za Kulevya Duniani ya 2024, inayotolewa na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, ilikadiria kuwa watu milioni 64 wana maradhi yatokanayo na matumizi ya dawa hizo, na ni mmoja tu kati ya 11 anayepata matibabu. Kwa wanaume ni mmoja kati ya saba. Kwa wanawake ni mmoja kati ya 18. Ukifika ukumbini hesabu walioketi kwenye meza yako ya duara. Mkiwa kumi na mmoja, chagueni nani atibiwe, kisha waambie kumi waliobaki wajitegemee. Zoezi hilo linachukua dakika moja na linaeleweka kuliko mchoro wowote wa rangi.

Ile ya 18 itunze kwa ajili ya meza kuu. Ukiona pale mbele wanaume saba na mwanamke mmoja aliyeitwa kusoma wasifu wao, nyoosha mkono uitaje. Dada anayetumia heroini mara nyingi hujificha zaidi kuliko kaka yake, kwa kuwa mtaa humsamehe kaka haraka. Akifika kliniki na mtoto mgongoni hukuta foleni ya wanaume, baadhi yao wakiwa ndio waliompiga usiku. Kongamano ambalo halimtafuti huyu halijaanza kazi.

Siku ya ufunguzi ratiba itasema saa tatu kamili. Mgeni rasmi atakuwa njiani. Anzeni bila yeye. Najua kinachosemwa: itifaki. Basi itazameni itifaki ya kliniki ya methadoni ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliyofunguliwa Februari 2011. Kwa kawaida mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wako waliokuwa wakipanda daladala mbili alfajiri, wafike dirishani, wanywe, warudi kutafuta kibarua, na kesho yake tena, mwaka baada ya mwaka. Watu hao ndio tunaowaita wasioaminika. Kiongozi anayechelewa saa mbili na nusu kwenye mkutano wa kuwajadili anastahili kuchekwa hadharani, na akifika asipewe nafasi ya kusoma hotuba iliyoandikwa na msaidizi wake. Mpe swali moja: wilaya yako ina kliniki ngapi?

Kisha watapanda watu wa kilo, yaani maofisa wanaokamata mizigo. Usiwadharau, kazi yao ni ya hatari na inahitajika. Wataonyesha picha za shehena, na kweli shehena zipo: Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi nje ya pwani ya Kenya. Njia hiyo ya baharini, kutoka Afghanistan kupitia pwani ya Makran hadi kwetu, inajulikana vizuri. Ila kilo zilizokamatwa hukueleza zilizoonekana tu. Hazikuambii ngapi zimepita wala nani amepona. Ukumbi ukimaliza kupiga makofi, simama uulize bei ya kete ya heroini wiki hii na mwaka jana wakati huu. Kama hakuna anayeijua, mwite dereva wa bodaboda aliye nje ya geti.

Ongeza swali la pili: mzigo ukikauka, mmejiandaaje? Pwani ya Kenya ilishapitia hayo. Kati ya Desemba 2010 na Machi 2011 heroini iliadimika. Watu waliingia arosto kwa pamoja: kuhara, kutapika, mifupa kuuma, usiku bila usingizi. Wengine walishika chochote walichokiona, vidonge na pombe, wakachanganya. Uadimu ambao kwenye hotuba ungeitwa ushindi uliwakuta watu hawana dawa ya kuwashika mkono. Kliniki ya kwanza ya methadoni Kenya ilifunguliwa Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi ikapata yake mapema 2015. Kati ya uadimu ule na dirisha lile ni miaka minne. Andika hiyo miaka minne kwenye daftari ulilopewa bure, ukurasa wa kwanza, na mtu wa kilo akimaliza umsomee.

Chai ya saa nne ni sehemu muhimu kuliko mada zote za asubuhi, usiipoteze kwa kubadilishana kadi. Tafuta mjumbe wa Meru na mjumbe wa Arusha, uwaketishe pamoja, uwape sambusa, halafu utaje miraa. Kenya miraa ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria, na kuna nyumba nyingi huko Meru zilizosomesha watoto kwa fedha yake. Ukivuka mpaka wa Namanga kuingia Tanzania, kifurushi hicho hicho kinaitwa mirungi na ni kidhibiti mahakamani. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, ingawa kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilipoichunguza mwaka 2006 haikupendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zikapiga marufuku muguka, aina ya miraa inayolimwa Embu, watu wa Embu wakaenda mahakamani, na amri zikasimamishwa. Hayo yote yametokea kwa jani moja, ndani ya kizazi kimoja.

Hapo usiwaruhusu wenzako wamalize chai wakikubaliana kwamba "dawa za kulevya ni hatari kwa vijana". Kauli hiyo haijamsaidia kijana yeyote. Waulize: mtoto wa miaka 14 wa Mombasa anayetafuna muguka asubuhi badala ya kwenda shule, mnataka tumfanyie nini, wewe uliyeipanda na wewe uliyemfunga baba yake? Watazozana. Waache wazozane. Sera nzuri ya mpakani itatoka kwenye ugomvi wa namna hiyo, wakulima wakiwemo, kuliko kwenye tamko la pamoja lililoandikwa kabla ya mkutano. Kengele ya kurudi ukumbini ikilia, bakini mlipo.

Kuna mada moja ambayo lazima urudi kuisikiliza, nayo ni ya kinga kwa watoto. Ndiyo yenye upuuzi mwingi zaidi, na ndiyo inayogharimu zaidi. Kila Juni 26, siku iliyotengwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1987, tunapiga brasi bendi, tunavaa fulana, tunaachia maputo, na wanafunzi wanasimama juani kumsikiliza mtu aliyeacha unga akieleza jinsi alivyolala jalalani. Tunaamini wataogopa. Marekani walikwenda mbali zaidi: mwaka 1983, Los Angeles, walianzisha mpango wa kupeleka polisi madarasani kufundisha watoto kukataa, ukaenea nchi nzima, ukapendwa na wazazi, na tafiti baada ya tafiti zikaonyesha kuwa watoto waliopitia humo walikuja kutumia dawa sawa na wenzao ambao hawakupitia.

UNODC walikusanya ushahidi wa dunia nzima katika viwango vyao vya kinga vya mwaka 2013, wakavifanyia marekebisho pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Mihadhara ya kutisha haizuii. Ushuhuda wa aliyeacha, ukitolewa mbele ya wanafunzi, hauzuii, na unaweza kudhuru. Kinachofanya kazi hakina bendi: muuguzi anayemtembelea mama mjamzito mwenye dhiki, wazazi wanaofundishwa namna ya kumlea mtoto bila kipigo na bila kumtelekeza, mwalimu anayejua kulituliza darasa, vipindi vya stadi za maisha vinavyoendelea mwaka mzima. Mtoto wa miaka mitatu anayesomewa hadithi na kushikwa mkono yuko ndani ya mpango wa kuzuia heroini, ingawa hatawahi kupewa fulana.

Kwa hiyo atakapopanda mtu na video ya maandamano ya Juni 26, usipige makofi. Muulize mpango wake uligharimu kiasi gani na watoto wangapi walibadilika. Na kaka yule aliyeacha unga, mtoeni shuleni mmweke kwenye meza inayogawa bajeti ya mkoa. Anajua mambo ambayo hakuna mwingine pale anayajua: kwa nini watu huacha methadoni mwezi wa pili, askari gani huwangoja jirani na kliniki, nyumba gani ya upataji nafuu huwafungia watu na kuwapiga. Mwite kwa jina lake, pamoja na Bwana au Bi mbele yake kama mnavyowaita wengine. Mlipe posho ile ile anayolipwa daktari. Nimesikia hoja kwamba akipewa fedha "atarudia". Ni hoja ya aibu. Daktari akipewa fedha naye anaweza kulewa, na hakuna anayemkata posho kwa ajili hiyo.

Na mkimwalika, mfikirieni mwili wake. Hili waandaaji hulisahau karibu kila mara. Mtu anayekunywa methadoni Muhimbili hawezi kulala siku tatu Dodoma kama nyinyi mnavyolala. Asubuhi ya pili mwili wake utaanza kumdai. Wasilianeni mapema na kliniki ya Itega, kule Dodoma, ipokee barua yake na kiasi cha dozi yake, awekewe usafiri alfajiri, na kikao kisianze kabla hajarudi. Mkishindwa kupanga hilo, msimwalike, kwa kuwa mtakuwa mmemkalisha kwenye kiti cha mbele akitoka jasho huku mkijadili huduma rafiki. Mkiweza, mmejifunza kazi ya sera kwa vitendo kuliko siku zote tatu zitakavyowafunza.

Siku ya pili kutakuwa na ziara. Basi litawapeleka kwenye nyumba ya upataji nafuu, mtashuka na vitambulisho shingoni, na mtu atatoa simu kupiga picha. Mzuieni. Walio mle ndani wana mama, wana wachumba, wana waajiri watarajiwa, na picha moja kwenye kundi la WhatsApp inaweza kuwafungia milango ya mtaa mzima. Badala ya picha, angalieni. Zanzibar, Dar es Salaam, Malindi, Mombasa, kuna nyumba zilizoanzishwa na watu waliopona wenyewe, zinazolisha watu kwa michango ya familia na sadaka za Ijumaa, na zimeokoa wengi kabla ya mfadhili yeyote kufika. Kuna nyingine ambazo mlango una kufuli kwa nje na mgonjwa analipiwa apigwe. Ulizeni nani ni muuguzi. Ulizeni mtu akitaka kuondoka leo anaondokaje. Ulizeni akitoka na kurudia baada ya miezi mitatu, nani amemwambia kuwa mwili wake umeshapoteza uzoefu na kwamba kipimo chake cha zamani sasa kinaweza kumuua. Swali hili la mwisho ni la uhai na kifo. Wengi waliotoka gerezani au kwenye nyumba hizo wamekufa kwenye kete ya kwanza, wakiwa wametoka wakipongezwa kuwa wamepona.

Jioni kutakuwa na tafrija, na kwenye tafrija kutakuwa na bia za bure. Msizilete. Siandiki hivi kwa kuwa nataka kila mtu aache pombe. Katika ukumbi huo mmealika watu wanaohesabu siku zao tangu walipoacha kila kitu, na pombe ndiyo inayoharibu nyumba nyingi zaidi kuliko unga katika nchi zetu zote. Kuizungumzia bangi mchana kutwa, kisha kumpa mhudumu wa pombe kazi ya kufunga siku, ni dharau kwa wageni wenu. Leteni sharubati ya ukwaju, leteni taarabu, watu wacheze.

Sasa maazimio. Asubuhi ya mwisho kamati ndogo itajifungia na kutoka na vifungu thelathini, kila kimoja kikianza na "kuhimiza" au "kutoa wito". Kabla hujasema "ndiyo", kumbuka New York, Juni 1998. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilifanya kikao maalumu na kujiwekea mwaka 2008 kuwa ukomo wa kuondoa au kupunguza kwa kiasi kikubwa kilimo cha koka, bangi na mpopi wa kasumba. Mwaka 2007 Afghanistan peke yake ilizalisha zaidi ya tani 7,000 za kasumba, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana kabla ya hapo. Azimio lile liliandikwa vizuri, kwa lugha sita.

Kumbuka na Vienna, Machi 2024. Kamisheni ile ya Dawa za Kulevya, ambayo kwa miongo ilizoea kuafikiana bila kura, ilipiga kura, na kwa mara ya kwanza azimio lake likataja waziwazi upunguzaji wa madhara, ambao methadoni ni sehemu yake. Nafurahi walifika. Lakini methadoni ilikuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na wauguzi wa Muhimbili walikuwa wakiimimina kwenye vikombe tangu 2011. Wangengoja Vienna ikubaliane, wagonjwa wangapi wangekuwa makaburini? Hivyo kwenye kamati ndogo uwe mkaidi. Kataa thelathini, dai matatu. Kila moja liwe na jina la mtu, tarehe na kiasi cha fedha. "Kuboresha huduma jumuishi" lifutwe. "Kliniki ya wilaya fulani ifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa mbili kuanzia tarehe mosi, msimamizi ni mganga mkuu wa wilaya, nauli za wahudumu zitatoka kwenye fungu fulani" libaki, hata kama halipendezi kulisoma mbele ya kamera.

Ukirudi kazini usianze kuandika ripoti ya safari. Nenda maskani iliyo karibu na ofisi yako, pamoja na mhudumu wa jamii anayefahamika pale, ukawaeleze waliokuwa wakijadiliwa ni nini kimesemwa juu yao. Watakuuliza maswali magumu kuliko ya ukumbini. Yajibu unayoyaweza, na yale usiyoyaweza mpigie simu yule aliyeandikwa jina kwenye azimio.

Na nyinyi mnaoandaa kongamano lijalo, iwe Nairobi, Arusha, Mombasa au Unguja, bajeti yenu naijua kwa umbo. Kuna mabegi, kuna fulana, kuna mabango mawili ya kusimama na zawadi ya mgeni rasmi. Mwaka huu futeni mabegi. Kwa fedha hiyo, mkishirikiana na wizara ya afya, nunueni naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza ifike mikononi mwa watu wanaoweza kumkuta mwenzao akizidiwa, yaani mama, mke, rafiki wa maskani. Wafundisheni kuitumia hapo hapo ukumbini, siku ya kwanza, kabla ya hotuba. Kisha waacheni waondoke nayo.